Amesoma, ana akili zake: imekuwaje akaingia humo?

Tangu tulipoandika kuhusu vikundi vya dini vinavyoshika maisha ya wafuasi wao mpaka chumbani na mfukoni, barua zimetufikia kutoka Mikindani hadi Liwale. Nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti. Tumechagua hizi, na yote yanayoweza kumtambulisha mwandishi tumeyaondoa.

Shikamooni wahariri. Kaka yangu ni mhasibu, ana shahada, na nyumbani hakuna aliyesaini karatasi yoyote kabla yeye hajaisoma. Mwaka jana alianza kusali na kikundi kidogo cha maombi hapa mjini. Sasa ameacha kazi, anaishi kwenye nyumba ya "nabii", na sisi anatuita watu wa giza. Mama anasema amelogwa. Mimi sina maelezo mengine. Mtu kama yule anadanganywaje? – Dada mtu, Shangani, Mtwara

Marahaba, dada. Kaka yako hakulogwa, na akili zake anazo. Sisi tulio nje hudhani mtu aliletewa mafundisho, akayapima, akayakubali. Karibu hakuna anayeingia kwa njia hiyo. Mtu huingia kwa watu kwanza. Mafundisho yenyewe huja baadaye, wakati tayari ana marafiki, ana nafasi, na ana cha kupoteza akiondoka.

Mara nyingi mwanzo ni pengo: amehamishiwa kituo kipya cha kazi, amefiwa, uchumba umevunjika, mtoto hapatikani, mtihani wa bodi umemkataa mara ya pili. Hapo anatokea mtu anayemjali. Na huyo anayemwalika mara nyingi hamdanganyi, naye anaamini. Wiki za kwanza ni salamu, chakula, kuombewa kwa jina, watu kumi wanaokumbuka kwamba mama yako anaumwa mgongo. Halafu anapewa kazi ndogo: kupanga viti, kushika daftari la mahudhurio. Kisha maombi ya alfajiri, mkesha wa Ijumaa, mfungo. Usingizi unashuka hadi masaa manne au matano, na mwenye usingizi wa namna hiyo kwa miezi mitatu hapimi mambo kama alivyokuwa akiyapima. Kisha toba ya wazi, ambapo anasema siri zake mbele ya watu watakaozikumbuka. Mwisho wake ni lugha: swali linaitwa roho ya uasi, uchovu unaitwa shambulio, ndugu wanaitwa watu wa giza. Akishaizoea lugha hiyo, hana tena neno la kujiambia "nimechoka, nataka kwenda nyumbani".

Nguvu ya hatua ndogo ilipimwa Marekani, California, mwaka 1966, na watafiti wawili, Freedman na Fraser. Wenye nyumba walioombwa moja kwa moja kuweka mbele ya nyumba bango kubwa baya la usalama barabarani walikubali asilimia 17 tu. Wale ambao siku za nyuma walikuwa wamekubali kibandiko kidogo cha jambo hilo hilo, walikubali bango asilimia 76. Jambo la kwanza lilikuwa dogo mno kukataliwa, na aliyelikubali akaanza kujiona kuwa mtu wa jambo hilo. Kaka yako hakuombwa kuacha kazi siku ya kwanza. Aliombwa kupanga viti.

Na akili? Akili hufanya kazi pande zote mbili. Mtu akishajifunga na kitu, akili zake zinageuka wakili wa kile kitu, na msomi ana wakili mkali kuliko mwingine. Mwaka 1954, karibu na Chicago, kikundi kidogo kilisubiri gharika ya tarehe 21 Desemba. Mwanasaikolojia Leon Festinger na wenzake walikuwa wamejipenyeza ndani wakiangalia. Gharika haikuja. Waliokuwa wamejitoa zaidi, pamoja na walioacha kazi, hawakusema wamekosea. Walisema dunia imeokolewa kwa ajili ya imani yao, wakaanza kuhubiri kwa nguvu kuliko zamani.

Hata hapa jirani tumeyaona. Kanungu, Uganda, kikundi kimoja cha dini kilitangaza mwisho wa dunia kuwa tarehe 31 Desemba 1999. Siku ilipita, na baadhi ya waliouza mali zao wakaanza kuhoji. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa lao liliteketea na mamia wakiwa ndani, na baadaye makaburi ya pamoja yakafukuliwa. Mmoja wa viongozi alikuwa padre Dominic Kataribabo, msomi aliyepata shahada ya uzamili Los Angeles. Japani, tarehe 20 Machi 1995, mmoja wa wafuasi wa kikundi cha dini walioachia gesi ya sumu ya sarini kwenye treni za Tokyo alikuwa Ikuo Hayashi, daktari wa upasuaji wa moyo. Hao hawakuwa wajinga, na elimu yao haikuwakinga.

Kuna sababu nyingine ambayo familia nyingi hazioni. Kikundi kinawatafuta watu kama kaka yako. Kinahitaji wa kushika hesabu, wa kuandika barua za serikali, mwenye gari, mwenye kuheshimika mtaani. Msomi anayeamini kwamba yeye hawezi kudanganywa haweki ulinzi wowote, halafu anapewa cheo ambacho kazini kwake angekisubiri miaka kumi.

Ila usikate tamaa. Mtafiti Eileen Barker alifuatilia watu zaidi ya elfu moja waliohudhuria semina za kikundi kimoja kilichokuwa kikiogopwa sana jijini London mwaka 1979. Takriban tisa katika kila kumi hawakujiunga, na wengi wa waliojiunga walitoka wenyewe ndani ya miaka miwili. Mlango wa kutokea upo. Ninyi mhakikishe kwamba upande wa pili wa mlango huo kuna mtu anamsubiri. Namna ya kufanya hivyo tumemjibu mjomba wa Newala hapa chini.

Habari za kazi. Nimeajiriwa mwaka huu, nafundisha sekondari wilayani Nachingwea, kwetu ni Mbeya. Kikundi cha walimu na manesi kimenipokea vizuri mno, tunasali Jumanne, Alhamisi na Jumapili. Sasa naambiwa nitoe mshahara wa kwanza wote kama malimbuko, na nisiwaambie nyumbani "wasije wakaharibu baraka". Nashindwa kuuliza, naogopa. Nitajuaje kama ni ibada ya kawaida? – Mwalimu mgeni

Mwalimu, umetaja mawili ambayo sisi tungeyatafuta kwanza: siri dhidi ya familia, na woga wa kuuliza. Bado, usihukumu kwa jambo moja. Pima.

Nunua daftari dogo. Kwa mwezi mmoja andika kila usiku vitu vitatu: masaa uliyotumia na kikundi, pesa uliyotoa kwa namna yoyote, masaa uliyolala. Usimwonyeshe mtu. Mwisho wa mwezi jumlisha. Watu wengi hushtuka kwenye masaa kabla ya kushtuka kwenye pesa.

Katika mwezi huo kosa ibada moja kwa sababu ya kweli, kwa mfano kusahihisha mitihani, na toa taarifa mapema. Kwenye ibada ya kawaida utaambiwa "pole na kazi, tutaonana Jumapili". Ukipigiwa simu sita, ukaletewa watu mlangoni usiku, au ukaambiwa kuna ajali imeonekana kwenye maono juu yako, umepata jibu.

Uliza swali moja la fedha, faraghani, kwa mtunza hazina: nani wanasaini benki, na hesabu husomwa lini mbele ya waumini? Parokia ina halmashauri, msikiti una kamati. Mahali pasipo na mtu anayeweza kumhoji kiongozi kuhusu shilingi, hawezi kuhojiwa kuhusu lolote. Uliza pia habari za mtu aliyeondoka. Ikiwa kila aliyetoka aligeuka kahaba, kichaa au marehemu, jua hiyo ndiyo simulizi watakayoisimulia juu yako.

Unaweza pia kuuliza usajili wao. Jumuiya za dini husajiliwa na Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, chini ya Sura ya 337. Kutosajiliwa ni dalili mbaya, lakini kusajiliwa si kinga: kikundi cha Kanungu kilikuwa kimesajiliwa.

Mshahara wa kwanza usiutoe wote. Una kodi, godoro, nauli ya kwenda Mbeya, na mwezi wa pili huenda ukachelewa. Toa kiasi unachoweza kumtajia mama yako kwenye simu bila kubadilisha sauti. Kwa jambo lolote kubwa, iwe pesa inayozidi sehemu ya kumi ya kipato, kuhamia kwa wenzako, kuolewa na mtu uliyechaguliwa au kukopa, subiri siku 14 na zungumza na watu wawili walio nje ya kikundi. Likiwa la Mungu, siku 14 haziliharibu. Na vyeti vyako, kitambulisho cha NIDA, kadi ya benki na namba yake ya siri visitoke mikononi mwako hata kwa "kutunziwa".

La mwisho ndilo la msingi. Wewe ni mpweke, na upweke wa mwalimu mgeni ni kitu kizito. Tafuta kundi la pili mapema: netiboli, SACCOS ya walimu, kwaya ya kanisa kubwa, jirani mwenye watoto. Mwenye makundi mawili ana mahali pa kusimama akitaka kuliangalia la kwanza.

Mnachoandika kinanikera. Kufunga, kutii mkubwa, kuacha mali, yote haya yamo kwenye dini. Watawa wa Ndanda nao wanatawaliwa? Na wafuasi wa tariqa kule Lindi? – Msomaji, wilaya ya Masasi

Hoja yako ni ya haki, na tunaijibu kwa uzito. Hatupimi imani, wala ugumu wa sheria zake. Tunaangalia kama mtu anaingia kwa hiari yenye macho na kama anaweza kutoka.

Chukua mfano wako wa Ndanda, abasia iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1906. Kwa sheria ya Kanisa Katoliki, anayetaka utawa hukaa unovisi, yaani kipindi cha kujaribiwa, si chini ya miezi 12, kisha nadhiri za muda si chini ya miaka 3, ndipo aruhusiwe nadhiri za daima. Kila hatua anaweza kufunga begi akaenda kwao. Mfumo wenyewe unamchelewesha. Kikundi cha kutawala kinaharakisha: leo umesikia, kesho ubatizwe upya, wiki ijayo uhame.

Au chukua Ramadhani. Kuna futari kila magharibi, na mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine; imo kwenye Sura ya Al-Baqara. Mwenye mimba au anayenyonyesha, akihofia afya yake au ya mtoto, wanazuoni nao wamempa ruhusa. Mfungo ambao mgonjwa anakatazwa kuuvunja, na mwenye kuumaliza si jua bali ni mtu mmoja, ni kitu kingine kabisa. Kuhusu tariqa, muridi, yaani mfuasi, anayemheshimu shehe wake, kisha anarudi nyumbani kwa mkewe, shambani kwake na msibani kwa jirani yake, hana tatizo lolote tunaloliandika hapa.

Kwa watu wa Kusini tungeongeza kipimo kimoja: misiba. Kikundi kinachomkataza mtu kwenda kumzika mjomba wake, au kukaa matanga, kinamkata kwenye ukoo makusudi.

Mume wangu anataka kuuza nyumba na shamba la mikorosho ili "tujiandae na safari". Mwaka huu hakupulizia salfa, alikuwa mlimani kwenye maombi Juni na Julai yote. Nina watoto wanne. Nina haki gani? – Mama, Tandahimba

Mama, pole, na harakisha, maana hili lina muda.

Nyumba mnayoishi kama mume na mke ina ulinzi. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwanandoa mmoja kuuza, kuweka rehani au kugawa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na kinakuruhusu kuweka zuio. Kama kuna hati, zuio linapelekwa kwa Msajili wa Hati. Kama ni ardhi ya kijiji, andika barua kwa Mtendaji wa Kijiji ukieleza kwamba hukubali mauzo. Chukua nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, na ya pili mpe jirani au ndugu aitunze nje ya nyumba. Kuhusu shamba, uhamisho wa haki ya kimila unahitaji kibali cha Halmashauri ya Kijiji, hivyo barua yako itaje shamba pia: mipaka, idadi ya mikorosho, na kwamba watoto wanne wanalitegemea. Mpe barua kabla mnunuzi hajafika, kwa sababu pesa ikishalipwa na kutolewa sadaka, hata ukishinda shauri hutaiona.

Kosa linalowaponza wake wengi ni kusaini "kwa ajili ya amani". Usisaini, wala usitie dole gumba kwenye karatasi usiyosomewa na mtu wako. Kwa msaada usiolipiwa ulizia wasaidizi wa kisheria kwenye halmashauri. Wapo kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Shamba lenyewe lisife. Ubwiri unga unashambulia maua machanga, na mzunguko mmoja wa salfa ukirukwa wakati wa maua, Oktoba hamna cha kupeleka mnadani. Msimu ujao tafuteni wa kupulizia kwa makubaliano ya kugawana mavuno, hata kama ni shemeji. Na uliza kwenye AMCOS yenu, chama cha ushirika cha wakulima, utaratibu wa wewe kusajiliwa kwa jina lako na akaunti yako, walau kwa sehemu unayolima mwenyewe. Msimu wa malipo ya korosho ndio msimu ambao michango ya "mbegu" na "safari" hupanda ghafla. Viongozi hao kalenda ya minada wanaijua vizuri.

Binti yangu ana miaka 19, anachoma insulini tangu darasa la sita. Kikundi chake kimempangia mfungo wa siku 7, siku 3 za kwanza bila maji, na ameambiwa aache sindano kama ishara ya imani. Mdogo wake wa miaka 10 naye ameacha shule. – Mama, Lindi mjini

Soma aya hii kisha uweke gazeti chini uende. Kisukari cha aina yake hakisubiri siku 7. Bila insulini sukari inapanda, damu inajaa asidi: anatapika, anahema kwa nguvu, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva sana, anasinzia. Inaweza kuwa ndani ya siku moja au mbili. Ukiona dalili hizo, mpeleke hospitali ya Sokoine au kituo chochote kilicho karibu, usiku huo huo, bila kusubiri kikao. Kama bado yuko salama, usibishane naye juu ya uponyaji. Mwambie: "Omba utakavyo, lakini sindano uchome." Imani aiweke, dawa asiiache.

Kwa wasomaji wengine: anayeacha ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, virusi hurudi kupanda ndani ya wiki chache, na kuacha na kuanza kunaweza kuvifanya visisikie dawa. Anayeacha dawa za kifafa ghafla anaweza kupata degedege mfululizo. Arudi kliniki aseme ukweli wa siku alizokosa. Wahudumu wanahitaji idadi hiyo ili wamsaidie.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui, na limeua watu ambao tayari walikuwa wameokolewa: aliyekaa zaidi ya siku 5 bila kula, au akila kidogo mno, asipewe sahani kubwa ya ugali na chai ya sukari nyingi. Chakula kingi cha ghafla hushusha madini muhimu kwenye damu, kama potasiamu na fosfeti, na moyo unaweza kusimama. Apelekwe hospitali. Njiani apewe maji kidogo kidogo, na chakula chake cha mwanzo kiwe kidogo, si zaidi ya nusu ya kawaida, kiongezwe polepole chini ya uangalizi.

Kuhusu mtoto wa miaka 10, hapo hakuna kusubiri hiari ya mtu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi na mlezi ampe mtoto elimu na matibabu, na imani ya mkubwa haiondoi wajibu huo. Piga 116, ni bure. Nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Unapoandika, usianze na "imani potofu". Ibara ya 19 ya Katiba inalinda imani ya kila mtu, na afisa akiona ni ugomvi wa dini ataiweka barua pembeni. Andika vitendo: jina, umri, anakoishi, tarehe aliyoacha shule, dawa anayonyimwa, nani alimkataza, nani alisikia.

Tunasisitiza shule na hospitali kwa sababu tunakumbuka msitu wa Shakahola, Kilifi, Kenya, ambako tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ya watoto. Mhubiri wa kikundi hicho, Paul Mackenzie, alikana mashtaka na kesi ikapelekwa mahakamani. Lakini mahubiri ya kuwatoa watoto shuleni yalijulikana miaka mingi kabla ya msitu. Alama ya kwanza ilikuwa dawati tupu darasani.

Mimi ni mjomba, na kwa mila zetu sauti ya mwisho ni yangu. Mpwa wangu, fundi umeme mzuri, amehamia kwenye kambi ya kikundi. Ukoo unataka twende na vijana kumi tumtoe, tumfungie ndani mpaka akili zirudi. – Mjomba, Newala

Shikamoo mjomba. Tunaomba usiende. Mpwa wako ni mtu mzima, na kumfungia ni kosa la jinai hata kama nia ni njema. Zaidi ya hapo, mhubiri huwa ameshamwambia: "Siku moja ndugu zako watakuja kukutesa kwa ajili yangu." Mkifika na vijana kumi mmemtimizia unabii.

Sauti yako itumie kwa ukoo kwanza. Zuia matusi, zuia vitisho vya laana, zuia yule shangazi anayemtumia aya za Biblia saa nane usiku. Chagueni mtu mmoja wa kuwasiliana naye, aliyekuwa akimpenda tangu utotoni na asiye na hasira za karibu. Awe anamtumia ujumbe mmoja kwa wiki, siku ile ile, bila kudai jibu. Mfupi wa namna hii: "Mpwa, mvua imeanza. Bibi anakusalimia. Ile soketi ya sebuleni inakusubiri wewe." Usitaje kikundi. Unamkumbusha kuwa yeye ni fundi, ni mjukuu, ni mtu anayehitajika mahali.

Akija au akipiga simu, msimshambulie kwa mafundisho. Hapo amefanya mazoezi kuliko ninyi. Muulize mambo ya maisha yake: unalala saa ngapi? Vifaa vyako vya kazi viko wapi? Ulipoingia ulitarajia nini, na sasa ikoje? Swali moja kwa siku, kisha msikilize mpaka amalize. Akionyesha shaka kidogo, kwa mfano kwamba ahadi ya kiwanja haikutimia, usirukie "si nilisema!". Mwitikie: "Inaumiza. Wewe ulielewaje?" Shaka ikidakwa na ndugu, mtu huilinda ile imani, ikiachwa mikononi mwake, hukua.

Msiba, arusi au unyago ukitokea, mwalike kila mara, hata akikataa mara tano. Pesa taslimu msimpe, maana haitakaa kwake. Nauli ya kurudi nyumbani tu, ikiwezekana mlipe wenyewe kwa kondakta. Kubalianeni neno moja la kawaida, tuseme "mbegu za muhogo", ambalo akilitaja kwenye simu mtajua anataka kutoka na hawezi kuongea. Na kwenye daftari la ukoo andikeni kila tukio na tarehe: pesa, kipigo, ugonjwa, mtoto. Siku likitokea la jinai, polisi watapata mahali pa kuanzia.

Mdogo wangu ana darsa za siri usiku, anasema sisi wazazi na ndugu ni makafiri kwa kuwa tunapeleka watoto shule ya serikali. Ameahidiwa kazi ng'ambo ya Ruvuma. – Nanyamba

Hili halisubiri ujumbe wa kila wiki. Mnakumbuka Kitaya, kijiji cha Mtwara kando ya Ruvuma kilichoshambuliwa Oktoba 2020. Kundi lililoanza mashambulizi Mocímboa da Praia, Msumbiji, tarehe 5 Oktoba 2017 lilianza miaka ya nyuma kwa mambo haya haya: kuwakufurisha wazee wa misikiti, kukataza shule za serikali, kuwapa vijana mitaji midogo na ahadi za kazi. Ongeeni leo na imamu mnayemwamini na mtendaji wa kijiji, kisha polisi, mkitaja mwaliko wa safari, tarehe na aliyeutoa. Mwambieni kijana kwa upole kwamba mnamtafutia kazi hapa, na mtafuteni kweli: mtaji wa bodaboda, nafasi VETA, shamba. Mtoa ahadi wa ng'ambo anashindana na tumbo lake kwanza.

Nilikaa miaka 3, nimetoka wiki 6 zilizopita. Niliambiwa anayetoka hufa ndani ya siku 40. Silali, wimbo wao ukipigwa dukani natetemeka. Wanatishia kusema siri nilizotubu. Hata nguo ya kuvaa nashindwa kuchagua. – Nesi, Masasi

Dada, wiki 6 ni siku 42. Iandike hiyo kwenye karatasi, kwa kalamu yako.

Unayoyaeleza yote yanajulikana, na hupungua. Mwili uliokaa miaka 3 kwenye mikesha haurudi kwa wiki. Jipangie saa moja ya kulala na moja ya kuamka, kula mara tatu hata bila hamu. Kushindwa kuchagua nguo kunatokana na miaka 3 ya kuchaguliwa; anza na machaguo madogo kila siku, chai au uji, na usiharakishe makubwa. Kwa miezi 6 usiingie kikundi kingine chenye nguvu, usikubali cheo popote, usiolewe kwa haraka. Ukitaka kusali, sali mahali pakubwa ambapo unaweza kukaa benchi la nyuma na kuondoka kabla ya salamu. Wimbo ukikutetemesha, taja kwa sauti ulipo: "Niko dukani, Masasi, nanunua sabuni." Ubongo unahitaji kuambiwa uko wapi.

Badilisha namba ya simu, toka kwenye makundi yao ya WhatsApp. Ujumbe mmoja unatosha: "Nimeacha. Naomba msinitafute." Usijibu wa pili, kwa sababu mjadala ndio uwanja wao. Kama vyeti vyako viko kwao, omba kwa maandishi mara moja, kisha nenda na mtendaji.

Kuhusu siri: kumtisha mtu kwa siri zake ili arudi au alipe ni kosa. Usifute ujumbe wowote, piga picha skrini, peleka polisi. Na mchague mtu mmoja unayemwamini, umwambie wewe mwenyewe kabla hawajasema wao. Siri iliyokwisha kusikika kutoka mdomoni mwako haina bei tena.

Wewe ni mtumishi wa afya, utaona aibu kuwa mgonjwa mbele ya wenzako. Basi usitibiwe pale unapofanya kazi: hospitali ya Ndanda ipo, ya Ligula ipo, omba daktari wa afya ya akili. Mawazo ya kufa yakija, usikae peke yako usiku huo, nenda kwa mtu. Kisha, baada ya miezi michache, wale rafiki zako wawili watatu waliobaki ndani wape namba yako mpya, mmoja mmoja, bila maelezo. Wao ndio watakaokupigia.